Neema na Nguvu za Mtu: Historia ya Fundisho la Kikristo katika Eldoret

Neema, katika mafundisho ya Ukristo, ni fadhili ambazo Mungu humpa mtu asiyezistahili na asiye na cha kuzilipia. Anayeitegemea hukiri kwamba wokovu wake, na hata uwezo wa kutenda mema baada ya kuokoka, hautokani na juhudi zake mwenyewe. Mtume Paulo aliijenga hoja hii katika nyaraka zake kwa Wagalatia, Warumi na Waefeso. Kwa Wakorintho alieleza jinsi alivyomwomba Bwana mara tatu amwondolee mwiba uliomtesa mwilini. Hakuondolewa, bali aliambiwa kuwa katika udhaifu wake ndipo nguvu za Mungu zingeonekana.

Mwalimu aliyelitetea fundisho hili kwa nguvu zaidi katika kanisa la kale alikuwa Mwafrika. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste katika Algeria ya leo na kuwa askofu wa Hippo, alishindana kwa miaka mingi na Pelagius, mtawa kutoka Uingereza aliyefundisha kwamba mtu anaweza kuzishika amri za Mungu kwa hiari na bidii yake. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418, uliokutanisha maaskofu wa Afrika Kaskazini, uliyakataa mafundisho ya Pelagius. Miaka 1,100 baadaye Martin Luther alilifufua swali hilohilo Ujerumani, na warithi wa Matengenezo ya Kanisa wakaliandika jibu lao katika Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563 na kanuni za Sinodi ya Dordrecht ya 1618 na 1619. Kwa njia ya Uholanzi na Afrika Kusini, maandishi hayo mawili ndiyo yaliyofika kwanza Eldoret, mji wa magharibi mwa Kenya.

Uwanda wa Uasin Gishu, ulipo mji huo, ulikuwa malisho ya Wamaasai na baadaye ya Wanandi kabla ya serikali ya kikoloni kuugawa kwa walowezi. Upinzani wa Wanandi ulivunjwa baada ya kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, kuuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Mwaka 1908 msafara wa makaburu, yaani wazungu wa Afrika Kusini wenye asili ya Uholanzi, zaidi ya mia mbili, ukiongozwa na Jan van Rensburg, ulipanda kutoka Nakuru kwa magari ya kukokotwa na maksai hadi uwandani. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba namba 64, na kwa muda mrefu wakazi waliuita mji huo Sikisti-foo, hata baada ya jina rasmi la Eldoret kutangazwa mwaka 1912. Kabla ya posta kulikuwa na kanisa: makaburu walianzisha usharika wao wa Vergenoeg mwaka 1909.

Watu hawa walikuwa wafuasi wa Calvin, mmoja wa viongozi wa Matengenezo, na imani yao kuhusu neema haikuwa ya juujuu. Katekisimu yao huanza kwa kumfundisha mtoto kwamba faraja yake ya pekee, akiwa hai na akifa, ni kuwa yeye si mali yake mwenyewe bali ni wa Kristo. Kanuni za Dordrecht hufundisha kwamba mtu haongezi hata chembe katika kuokolewa kwake. Fundisho la namna hiyo lingepaswa kumnyima kila mtu sababu ya kujiona bora kuliko mwenzake, maana mbele ya neema hakuna aliyeleta kitu. Kanisa la Kireformed la Afrika Kusini lilifuata njia nyingine. Mwaka 1857 sinodi yake ilikubali kwamba ilikuwa vema na halali kimaandiko waumini wa rangi zote waabudu pamoja, kisha ikaruhusu watenganishwe kwa sababu ya udhaifu wa baadhi yao, yaani wazungu ambao hawakutaka kushiriki Meza ya Bwana na watu weusi. Ruhusa hiyo iligeuka desturi, na desturi ikawa sheria. Makaburu wa Uasin Gishu walitoka katika kanisa lililokwisha kuzoea utengano huo.

Kwa hiyo kwa muda wa kizazi kizima neema ilihubiriwa uwandani kwa Kiafrikaans, huku waliolima mashamba ya waumini hao wakibaki nje. Wafanyakazi hao walikuwa Wanandi na Wakeiyo walioishi kama maskwota kwenye ardhi ambayo wazazi wao walichungia, pamoja na Waluhya, Wajaluo na Wakikuyu waliofuata kazi, hasa baada ya reli kufika Eldoret mwaka 1924. Mwaka 1944 tu ndipo usharika wa makaburu ulipoanza kazi ya umisheni miongoni mwao, chini ya Mchungaji B. B. Eybers. Kituo cha Plateau, nje kidogo ya mji, kikawa makao ya kazi hiyo, na baadaye hospitali ikajengwa hapo. Uhuru ulipokaribia, makaburu wengi waliuza mashamba na kuondoka. Mwaka 1961 kazi ya umisheni ilikabidhiwa kwa chama cha umisheni cha Kireformed cha Uholanzi, na mwaka 1963 waumini Waafrika wakawa kanisa linalojitegemea, Reformed Church of East Africa, ambalo makao yake yako Eldoret hadi leo. Katekisimu iliyoletwa na walowezi ilibaki mikononi mwa watoto wa vibarua wao, na hilo ni mojawapo ya mageuzi makubwa katika historia ya dini mjini humo, ingawa ni nadra kusimuliwa.

Walioleta Ukristo kwa Wakalenjin wenyewe, yaani Wanandi, Wakeiyo na jamaa zao, walikuwa wengine. Wamisionari wa Africa Inland Mission waliweka kituo Kapsabet, na huko Stuart Bryson, akisaidiwa na wasomi wa Kinandi, alitafsiri Biblia nzima, iliyochapishwa mwaka 1939. Tangu hapo mkulima wa Nandi au Keiyo aliweza kumsoma Paulo kwa lugha ya nyumbani kwake, bila kumsubiri mhubiri. Wakatoliki walifika kwa mkono wa mapadre wa Mill Hill na baadaye wa Mtakatifu Patrisi wa Kiltegan kutoka Ireland. Eldoret ikawa eneo la kitume mwaka 1953 na jimbo kamili mwaka 1959.

Hata hivyo, lililoifanya neema iwe jambo la kuzungumzwa jikoni na njiani, na si darasani pekee, lilianzia mbali na Eldoret, katika hospitali ya Gahini mashariki mwa Rwanda. Daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alikuwa akifanya kazi huko wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1928 na 1929. Alijitolea kupita kiasi. Watu walizidi kufa, waumini wa misheni walionekana baridi, naye mwenyewe akaishiwa. Mnamo Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ya Mungu kama yeye. Wawili hao walikaa wakisoma Maandiko na kuomba, mweusi na mweupe wakikiri kwa pamoja kwamba walikuwa wamejaribu kumtumikia Mungu kwa nguvu ambazo hawakuwa nazo. Ni vigumu kutaja mkutano mwingine wa watu wawili uliobadilisha Ukristo wa Afrika Mashariki kiasi hicho.

Mwishoni mwa mwaka 1933 mkutano wa maombi huko Gahini uligeuka kuwa siku za maungamo ya wazi, na huo ukawa uamsho. Kutoka hapo makundi ya mashahidi yalienea Uganda, ambako waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Walifika Kabete, nchini Kenya, mwaka 1937, na Maseno mwaka 1938. Mafundisho yao yalichota kwenye mikutano ya Keswick, iliyoanza Uingereza mwaka 1875, ambayo ilisisitiza kwamba utakatifu nao hupokelewa kwa imani kama vile msamaha unavyopokelewa. Lakini sura yake ilikuwa ya Kiafrika kabisa. Ndugu, kama walivyoitana, walikutana kila wiki, mara nyingi nyumbani kwa mtu, wakaketi pamoja bila kujali nani ni kasisi na nani ni mpishi. Kila mmoja alisimama kutoa ushuhuda, akataja dhambi yake kwa jina lake: wizi wa pesa za mwajiri, uzinzi, chuki kwa jirani, wivu kwa mhubiri mwenzake. Baada ya ushuhuda uliimbwa wimbo wa sifa wa Tukutendereza kwa Kiganda, hata na wasiojua neno jingine la lugha hiyo.

Misemo ya ndugu hao ilibeba fundisho lote. Kuvunjika kulimaanisha kuacha kujitetea mbele ya Mungu na wanadamu. Kutembea nuruni kulimaanisha kutoficha. Ndugu alipouliza mwenzake habari, alitaka kujua kama ana amani na Bwana na pia na nduguze. Aliyekuwa na deni alirudisha. Aliyeiba jembe alilipeleka kwa mwenyewe. Kurudisha huko hakukuhesabiwa kuwa bei ya wokovu bali tunda lake, na hapo ndipo uamsho ulipowashangaza wamisionari waliokuwa wamezoea kupima Ukristo wa Waafrika kwa mahudhurio na nidhamu. Mishtuko haikukosekana: mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kwa sababu ya ushupavu wao, na mmoja wao alikuwa William Nagenda, baadaye mmoja wa wahubiri wa uamsho.

Uamsho ulipanda nyanda za juu za Bonde la Ufa pamoja na watu. Kibarua aliyeokoka Nyanza au Kiambu alikuja na ushuhuda wake kwenye kambi ya shamba la ngano, na ushirika ukaanza palipokuwa na ndugu wawili au watatu. Katika kambi hizo, ambako nyapara alikuwa na sauti kuliko mzee wa ukoo na kabila moja lililala karibu na jingine bila kuaminiana, kukiri dhambi hadharani mbele ya mtu wa kabila jingine kulikuwa jambo zito. Vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni vilipowaka kuanzia mwaka 1952, ndugu wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha wapiganaji hao wakisema wameshakunywa damu ya Yesu na hawawezi kuichanganya na nyingine; baadhi waliuawa kwa ajili hiyo. Wengi pia walikataa bunduki za serikali, na hivyo wakashukiwa na pande zote mbili.

Kisha likatokea jaribu ambalo kila kizazi cha Wakristo kimelipitia. Uamsho uliozaliwa kwa kuacha kujitegemea ukaanza kuweka masharti. Kukiri kukawa kipimo: aliyekiri mengi alionekana kavunjika zaidi, na asiye na jipya la kukiri alitiliwa shaka. Nagenda na Church waliiona hatari hiyo mapema, wakarudia kufundisha kwamba hata kuvunjika kunaweza kugeuzwa kuwa kazi ya mikono ya mtu, na kwamba macho yaelekee kwa Yesu, yasiishie kwenye dhambi. Ujumbe wao ulivuka bahari. Mhubiri Mwingereza Roy Hession aliwasikiliza mwaka 1947, walipozuru Uingereza, na kitabu chake The Calvary Road cha mwaka 1950 kikaufikisha kwa wasomaji wa mabara mengine.

Nyumbani mzozo haukwisha. Katika miaka ya 1960 na ya 1970 kundi la waliojiita walioamka tena, likiongozwa Uganda na Yona Mondo, liliwashutumu ndugu wengine kuwa wamelala. Walikataza kukopa, kufuga mbwa na kujipamba. Wimbi hilo lilifika Kenya, ambako wafuasi wake walijulikana kama Kufufuka. Waliotunga masharti hayo walikuwa na hofu ya kweli. Waliona ndugu wakinunua mashamba ya walowezi kwa mikopo, wakijenga, wakipanda vyeo, na moto wa kwanza ukififia. Lakini tiba waliyoichagua ilikuwa ileile ambayo Augustino aliikataa kwa Pelagius: mtu kujisafisha kwa bidii ili astahili. Ushirika ulipasuka katika sehemu nyingi, na majeraha yalidumu miaka mingi.

Dayosisi ya Kianglikana ya Eldoret iliundwa mwaka 1983, na askofu wake wa kwanza alikuwa Alexander Kipsang Muge, Mnandi aliyewahi kuwa askari wa GSU, kikosi maalumu cha polisi. Ndugu wa uamsho kwa kawaida waliikwepa siasa, wakiiona kuwa njia ya mtu kujitafutia nguvu. Muge aliona tofauti. Alipinga upigaji kura wa mlolongo, ambapo wapiga kura walisimama foleni nyuma ya wagombea, na alikemea unyang'anyi wa ardhi na ukatili wa dola katika miaka ambayo wengi walinyamaza. Mnamo Agosti 1990 waziri Peter Okondo alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai. Muge alikwenda Busia tarehe 14 Agosti, akahubiri, na alipokuwa akirudi Eldoret gari lake liligongana na lori la maziwa karibu na Kipkaren, akafa papo hapo. Okondo alijiuzulu. Askofu huyo hakuwa na jeshi wala chama, na bado maneno yake yaliitikisa serikali.

Eldoret wakati huo ilikuwa ikikua haraka. Chuo Kikuu cha Moi kilifunguliwa mwaka 1984, viwanda na biashara vikafuata, na mji ukajipatia sifa duniani kwa wanariadha wanaofanya mazoezi hapo, Iten na Kaptagat. Ni mji unaoheshimu jasho. Mwanariadha anayeamka alfajiri kila siku kwa miaka kumi anajua thamani ya juhudi, na si ajabu kwamba wahubiri wa Eldoret hupenda mifano ya Paulo kuhusu mbio. Wachache zaidi hufika katika sura ya 9 ya Warumi, ambapo mtume huyohuyo anasema rehema ya Mungu haitegemei mbio za mtu wala utashi wake. Sura hiyo ingefaa isomwe mara nyingi zaidi katika mji huu kuliko mwingine wowote wa Kenya. Miaka ya 1990 ilileta pia injili ya mafanikio, ambayo humwambia maskini apande mbegu ya pesa ili avune baraka. Humo neema hubaki kama jina tu: Mungu anageuzwa mdaiwa, na asiyepona au asiyefanikiwa huambiwa imani yake ni haba. Mzigo ambao fundisho la neema lilikusudiwa kuuondoa hurudishwa mabegani mwa aliyechoka zaidi.

Jaribu kubwa kuliko yote lilitokana na ardhi na siasa. Mapigano ya kikabila ya mwaka 1991 na 1992 yalianzia Tinderet na kufika Burnt Forest, kusini mwa Eldoret, na maelfu ya Wakikuyu na wengine wakafukuzwa makwao. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalirudi kwa ukali zaidi. Katika nchi nzima watu zaidi ya 1,100 walikufa. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kenya Assemblies of God huko Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa Wakikuyu waliokimbilia humo. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni ya watu 35 waliokufa, wengi wao wanawake na watoto. Wauaji na wauawa walitoka katika vijiji vilivyopakana, na eneo zima lilikuwa limehubiriwa Injili kwa zaidi ya nusu karne.

Watu wanne walishtakiwa kwa tukio la Kiambaa, na Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia mwaka 2009 kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Makanisa yakahubiri msamaha. Hapo palikuwa na swali ambalo mchungaji Mjerumani Dietrich Bonhoeffer aliliuliza mwaka 1937 chini ya utawala wa Hitler, alipoandika dhidi ya neema rahisi, ile inayotoa msamaha bila toba. Kumwambia mama aliyepoteza watoto asamehe, wakati hakuna aliyesimama kukiri, ni kumtwisha yeye peke yake kazi ya upatanisho na kuiita neema. Ndugu wa uamsho wa zamani walijua jambo ambalo mahubiri mengi ya mwaka 2008 hayakulisema: neema ndiyo inayompa mkosaji ujasiri wa kutaja kosa lake, kwa sababu hahitaji tena kujitetea. Viongozi wengi wa makanisa walikuwa wamechukua upande wa kabila zao kabla ya uchaguzi, na Baraza la Taifa la Makanisa la Kenya lilikiri hilo na kuomba radhi kwa umma mwaka 2008.

Kanisa Kuu Katoliki la Moyo Mtakatifu, mjini Eldoret, liliwapokea waliokimbia wapatao 10,000. Askofu wake, Cornelius Korir, Mkalenjin aliyewekwa wakfu mwaka 1990, aliwalinda watu ambao wengi wa kabila lake waliwaona maadui, na alilipia kwa kuitwa msaliti. Njia aliyoitumia baadaye aliieleza katika kitabu Amani Mashinani cha mwaka 2009. Hakuanza na mikutano mikubwa. Alikutana na kila upande peke yake na kuwaacha watu wataje machungu yao hadi mwisho, hata maneno makali. Baada ya vikao vingi pande mbili ziliketi pamoja, zikakiri, zikakubaliana, kisha zikafanya kazi iliyowafaa wote: barabara, josho la ng'ombe, shule, soko. Mbinu hiyo alikuwa ameijaribu kwanza kati ya Wapokot na Wamarakwet. Ilichukua muda, na katika vijiji kadhaa kuzunguka Burnt Forest iliwarejesha watu mashambani mwao.

Tofauti ya zamani kati ya Wakatoliki na warithi wa Matengenezo kuhusu neema nayo ilikuwa imepungua. Tarehe 31 Oktoba 1999 Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi mjini Augsburg tamko la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema pekee, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yake. Julai 2017, mjini Wittenberg, muungano wa dunia wa makanisa ya Kireformed, ambao Reformed Church of East Africa ni mwanachama wake, uliungana na tamko hilo. Korir alifariki tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo na kuzikwa ndani ya kanisa kuu. Tamko halikufika kwenye ibada: Mkatoliki na Mreformed wa Eldoret bado hushiriki Meza ya Bwana kila mmoja kwake.